Risala ya Washona Magodoro Kuhusu Kwikwi na Chumba Kilichofungwa

Mgeni rasmi, ambaye ni Daktari Mkaguzi wa Afya, meneja wetu, na wewe Shangazi, mpika chai wetu, ambaye tumekuomba ukae mbali kidogo na meza kuu:

Makaribisho

Tunakushukuru, mgeni rasmi, kwa kukubali kurudi. Kiti chako tumekikagua, hakina msumari. Kinywaji tumekuandalia kisicho na gesi, yaani maji.

Historia

Kiwanda hiki kilikuwa na dawa kabla hakijawa na umeme. Washonaji wa kwanza walipaka majivu kwenye vidonda na dawa ya meno palipoungua. Tuseme ukweli: majivu yalichafua vidonda, na dawa ya meno ilizidisha maumivu. Zote mbili tuliziacha. Maji ya chumvi ya kusukutua koo, na tangawizi yenye asali kwa kikohozi, tulivibakiza, kwa sababu koo lilipata nafuu na hakuna aliyedhurika.

Kilichotushinda ni kwikwi. Mshonaji wa magodoro hushika sindano ndefu. Kwikwi zikimshika, mshono unapinda au kidole kinachomwa. Mwanzoni tulimbandika mgonjwa kipande cha uzi uliolowa mate kwenye paji la uso, kama anavyofanyiwa mtoto mchanga. Uzi haukusaidia kitu, ila watu wazima walifanana na magodoro ambayo hayajamalizika.

Ndipo Shangazi alipoleta tiba ya kushtua. Kanuni yake ni moja: usipige kelele, mpe mgonjwa habari mbaya kwa sauti ya upole.

"Mwanangu," alimwambia fundi wa mashine, "mama mkwe wako yuko getini na mabegi."

"Mangapi?" fundi akauliza, na kwikwi zikaisha.

Mafanikio

Katika chumba cha huduma ya kwanza, Shangazi alisafisha na kufunga kila kidole kilichochomwa sindano, na hakuna kilichooza. Hatudai kwamba kushtua kunaponya. Fundi wa mashine alipobisha, tuliwaacha baadhi ya wagonjwa bila kuwashtua, nao wakapona vilevile. Tofauti ni kwamba hatukucheka.

Changamoto

Hapa inabidi tuguse ziara yako iliyopita. Ulikuwa unatuhutubia kuhusu usafi wa mikono, soda ikakujaza gesi, na kila ulipofika kwenye neno sabuni, kwikwi zikakukatiza. Mgonjwa haulizwi uji, nawe hukuulizwa. Shangazi alikusogelea akanong'ona, "Baba, suruali imechanika nyuma."

Tunasisitiza kwamba wakati huo haikuwa imechanika. Ilichanika ulipoinama kuhakikisha.

Kwikwi zilikoma papo hapo, jambo ambalo taarifa yako haikulitaja. Ilitaja "tiba isiyo na msingi", na hilo tunalikubali. Chumba kikapigwa kufuli. Tangu hapo, anayejichoma hufunga kidole kwa kitambaa kilicho karibu, na mara nyingine kitambaa hicho kimeshakuwa godoro. Mteja mmoja amerudisha la kwake, akitaka kujua nani alifia humo.

Shangazi hajalalamika, ila amefunga virago. Tulipomuuliza sababu, alijibu, "Chai hata nyinyi mnaweza kupika. Mimi nilikuwa nakuja kwa ajili ya vidole."

Maombi

Kwanza, chumba kifunguliwe. Pili, Shangazi apelekwe kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza na apewe bendeji za kweli. Amekubali kusahau kila atakachoambiwa si sahihi, isipokuwa tangawizi. Tatu, kushtua kuondolewe kwenye tiba na kuhamishiwa kwenye michezo.

Hitimisho

Usipotupa jibu leo, kesho Shangazi anaondoka kwenda kwa dada yake. Tumemwambia asubiri, kwa kuwa wewe ni mtu wa ushahidi. Basi tutakapokupigia makofi, tunakuomba usiangalie nyuso zetu. Angalia vidole: vyenye makovu safi ni vya enzi ya Shangazi, vilivyovimba ni vya enzi ya kufuli.

Mungu akujalie afya, na usingizi wa mtu asiyegeukageuka kitandani.

Ni sisi,
Washonaji wa Kiwanda cha Magodoro