Sekunde Kumi na Moja za Casimir na Julienne

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Kama ulioa Kalemie, au uliolewa Kalemie, ndani ya miaka ishirini iliyopita, mtu tunayemkumbuka leo alikuwepo kwenye harusi yako. Huenda humkumbuki hata sura. Si kosa lako. Alikuwa nyuma ya kamera.

Jina lake ni Casimir Mulolwa. Kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi. Amefariki Jumanne ya wiki iliyopita, nyumbani kwake Kataki, akiwa na miaka hamsini na tisa. Narudia kwa wale waliofungulia redio sasa hivi: Papa Casimir Mulolwa, mpiga video wa harusi, hatunaye tena.

Alizaliwa Zongwe, kwa watu wa ziwa. Baba yake mvuvi, kaka zake wavuvi. Yeye kila akipanda mtumbwi alitapika. Walimcheka mpaka akachoka kuchekwa, akaja mjini. Akajifunza kazi kwa fundi mmoja wa picha ndogo za vitambulisho, na mwaka 2004 akapata kamera ya video, ile kubwa ya kubeba begani. Mwaka uleule akamuoa Julienne. Harusi yao haikuwa na video. Mtaa mzima ulikuwa na kamera moja tu, na mwenye kamera ndiye alikuwa bwana harusi!

Basi Mama Julienne akawa mwenzake kazini. Casimir alibeba kamera. Julienne alibeba mengine yote: taa, betri, nyaya, na chupa ya maji. Papa Willy, aliyekuwa akipiga muziki kwenye harusi nyingi za miaka hiyo, anawakumbuka vizuri. Anasema: "Ukiona Casimir, geuza macho kidogo tu, Julienne njo yule pale. Hatua mbili. Hazizidi, hazipungui."

Wasikilizaji wapendwa, kupiga video ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni montaji. Montaji ni kukaa mbele ya kompyuta, kukata kisichotakiwa, kuunga kinachotakiwa, na kuweka muziki juu yake. Saa kumi za kamera zinakuwa saa tatu za filamu. Kwa montaji, Casimir alikuwa fundi kweli. Na ufundi huohuo ndio uliomuumiza, kama mtakavyosikia.

Mwaka 2008 alipeleka filamu ya ndoa kwa familia moja. Ukoo wote ukakusanyika kuangalia. Katikati ya filamu, tantine mmoja, shangazi wa bwana harusi, akasimama, anahesabu kwa vidole. "Mara ya sita sasa! Hii ndoa ni ya mutoto wetu ama ya muke ya Casimir?" Watu wakacheka. Na kweli, Julienne alikuwa ameonekana mara sita, anapita na taa, anavuta waya, anacheza kidogo pembeni. Casimir naye alicheka. Lakini alikuwa mtu wa kumeza maneno, na lile hakulitema tena. Alirudi nyumbani, akaandika kwenye karatasi kwa kalamu nyekundu, akaibandika ukutani juu ya kompyuta: "Mtu wa nyumba yangu asionekane."

Kuanzia siku ile alimkata. Mkono wa Julienne ukiingia kwenye picha, alikata. Kivuli chake kikipita kwenye zulia la wenye harusi, alikata. Sauti yake ikisikika, alimwaga muziki juu yake. Na filamu ikiisha, alifuta picha zote ghafi alizopiga, kwa sababu harusi ya Jumamosi iliyofuata ilihitaji nafasi kwenye kadi. Alibaki na filamu iliyokamilika tu. Hata filamu za miaka ya nyuma, kuanzia ile ya mara sita, alizikusanya kutoka kwa wenyewe, akamkata humo pia, akawarudishia mpya.

Binti yao wa pekee, Chérie, anasema mama yake hakukasirika. "Mama alikuwa anacheka tu. Anasema, mimi niko mu ndoa zote za Kalemie, na hakuna hata moja yenye ninaonekana."

Sasa sikilizeni jambo jingine, maana ndilo linalobeba uzito wa hadithi hii. Mnajua hapa kwetu mtu akifariki, watu hutamani kumuona anatembea. Picha ya ukutani haitoshi. Kwa hiyo asubuhi ya msiba, mtu atabisha mlango wa Casimir. "Papa Casimir, mama yetu alikuwa kwenye ndoa ya Bertin. Alicheza siku ile." Casimir atafungua kompyuta, atamtafuta yule mama, atamtoa anacheza, atawapa. Hakuwahi kumkatalia mtu. Ndiyo maana kwenye kila harusi alizunguka polepole mbele ya wazee, na kila mzee alimpa sekunde zake. Chérie alipokuwa mdogo alimuuliza kwa nini anawapiga watu waliokaa tu. Akamjibu: "Hawa njo watakuja kutafutwa."

Julienne hakuwa mzee. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja atatafutwa.

Mwaka 2019 Julienne alishikwa na homa. Siku tatu tu. Siku ya nne tukawa tunabeba viti kwenda msibani Kataki. Uwanja ulijaa. Siku ya pili ya msiba, dada yake mkubwa alitoka Moba, akafika na vumbi la safari bado mwilini, akamwambia shemeji yake kwa upole: "Casimir, tuwekee Julienne kidogo. Tumuone anatembea."

Ombi la kawaida kabisa. Uwanja mzima ulimgeukia Casimir. Nani angekuwa na video za marehemu kama si mumewe? Casimir aliingia ndani, akawasha kompyuta, akakaa. Alikaa karibu saa nzima. Alipotoka alisema neno moja: "Hakuna." Watu wakadhani uchungu umemzidi. Dada akamshika mkono. Ndipo akarudia, na mimi nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka pale, nilimsikia kwa masikio yangu: "Hakuna. Nilimukata."

Mtaniuliza, na simu je? Simu ya Mama Julienne ilikuwa ya vitufe. Chérie alikuwa Lubumbashi kwa masomo ya sekondari, alirudi kuzika. Zilibaki picha tatu za karatasi na kadi yake ya kupigia kura. Kwenye zote nne amesimama wima, hacheki. Julienne ambaye mji mzima ulimjua kwa kicheko!

Baada ya msiba watu walirudi makwao, kama watu wanavyorudi. Chérie akarudi masomoni. Casimir akabaki na filamu mia mbili na kumi na mbili. Alianza kuziangalia, moja baada ya nyingine, mchana baada ya mchana, mapazia yamefungwa. Hakuangalia bibi harusi. Hakuangalia keki. Aliangalia kingo za picha, akimsubiri mke wake aingie. Ilimchukua zaidi ya mwaka. Hakupata hata kidole. Alikuwa amefanya kazi safi mno, na nakwambieni, hakuna mtu aliyewahi kuuchukia ufundi wake namna ile.

Kazi hakuiacha. Taa aliifunga juu ya kamera. Maji aliyasahau nyumbani. Kwenye harusi, wapishi kwa mazoea walimwekea sahani mbili nyuma ya jiko, na yeye aliila moja na kuirudisha ya pili. Papa Willy alijaribu kumsogelea. "Nilimuambia, Casimir, kuja ukae na sisi kwa muziki. Anasema sawa, kisha hakuji." Akimaliza kupiga alibeba vifaa vyake peke yake, mizigo ya watu wawili, anashuka barabara watu wengine wakiwa bado wanacheza.

Kisha akaanza kutembelea nyumba za watu. Hewa Bora, Lubuye, Kituku. Anabisha hodi, anasema anataka kujua kama diski aliyowapa zamani bado inafanya kazi. Familia inafurahi, inaweka filamu, inaanza kuonyeshana: huyu ni fulani, yule alishahamia Manono. Mgeni wao amekaa ukingoni mwa kiti, macho kwenye kingo za picha. Wengine walisema Papa Casimir ameanza kuchanganyikiwa. Na mimi nilisema hivyo, wasikilizaji, naomba radhi. Alikuwa na matumaini madogo tu, kwamba labda mahali fulani alikosea.

Na kweli, mahali pamoja alikosea.

Ilikuwa ndoa ya Mama Florentine, mwaka 2013. Mama Florentine na mumewe walikuwa wanapanda meli ya Kigoma Jumatatu, na walitaka kuondoka na filamu yao. Casimir alifanya montaji haraka. Kompyuta ikiwa inamalizia, umeme ukakatika. Aliwasha jenereta, akatengeneza diski, akaikimbiza bila kuitazama mara ya pili. Kumbe kipande kimoja kilikuwa kimepoteza muziki wake. Wajomba wanakula, na badala ya muziki zinasikika kelele zote za uwanjani: vijiko, watoto, kikohozi. Waliporudi kutoka Kigoma, familia ilimsema vibaya. Casimir aliona aibu, akatengeneza filamu upya, akaomba arudishiwe ile yenye kasoro aiharibu. Florentine alimwambia imepotea.

Haikupotea. "Nilimudanganya," anasema Mama Florentine. "Watoto walipenda ile. Walikuwa wanasikia wajomba wanatafuna nyama, wanacheka."

Jumapili moja mwaka 2023, baada ya misa, Casimir alibisha kwake. Florentine akamuonea huruma, akasema ukweli, akaitoa ile diski chini ya vitambaa kabatini. Wakaiweka. Wakafika kwa wajomba wanaokula. Kwenye picha hakuna Julienne. Kuna wajomba na sahani zao. Lakini kipaza sauti cha kamera husikia zaidi kilicho karibu nayo, na aliyekuwa karibu nayo mnamfahamu.

Sauti ya Julienne ikasema: "Casimir, kunywa maji kwanza. Hii jua itakuua."

Sauti ya Casimir ikajibu, kali, ya mtu aliye kazini: "Toka, Julienne, unaingia mu picha."

Na ya Julienne tena, chini kidogo: "Haya, nimetoka."

Basi. Sekunde kumi na moja. Baada ya hapo ni vijiko na watoto.

Mama Florentine anasema Casimir alishika mdomo kwa mikono miwili. Akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Akaomba tena. "Mara ya nne nikamuachia rimoti, nikaenda jiko, nikalia huko. Mume wangu alikuwa anaongea na mimi mbaya vilevile asubuhi ile, na nilimujibu vilevile, haya."

Tangu siku hiyo filamu za Papa Casimir zilibadilika, nanyi mliooa miaka hii miwili mitatu mliliona hilo. Zilijaa watu wa nyuma: mama anayeosha sufuria, kijana anayepanga viti, msichana aliyeshika mtoto wa bibi harusi. Wateja wengine walilalamika kwamba wapishi wamekuwa wengi kwenye ndoa yao. Aliwajibu, "Walikuwepo."

Jumanne ya wiki iliyopita, asubuhi, Chérie, ambaye sasa anaishi Kalemie, alikwenda sokoni. Aliporudi alimkuta baba yake kwenye kiti chake mbele ya kompyuta, ametulia. Moyo ulikuwa umesimama. Alikuwa amevaa visikilizio masikioni. Alikuwa peke yake, kama alivyokuwa peke yake miaka yote hiyo, na hilo linatuuma sisi tuliokuwa tunapita mbele ya mlango wake kila siku na kusema tutaingia kesho.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa redio hii, tunakupa pole, Chérie. Pole kwa kaka zake Papa Casimir na ukoo wote wa Zongwe. Pole kwa familia ya Mama Julienne kule Moba, ambao wamelia mara mbili. Pole kwa Papa Willy. Na pole kwenu nyote ambao Papa Casimir aliwarudishia mama zenu wakicheza.

Wasikilizaji wapendwa, sina mahubiri. Naomba tu kila mmoja wetu afikirie, leo hii, ni nani anasimama hatua mbili kutoka kwake, ameshika taa. Fikiria ulimjibu nini asubuhi. Kama yupo hai, wewe una bahati kubwa kuliko ya Papa Casimir, inuka umwendee.

Familia imeturuhusu kuwasikilizisha zile sekunde kumi na moja. Mtasikia Papa Casimir anamfukuza mke wake. Msimhukumu haraka. Chérie mwenyewe aliwahi kumuonea huruma, alipoona baba yake anaumia kila anapofika pale. Alimwambia: "Papa, wewe ni fundi. Tukate sauti yako, tubakize ya Mama peke yake." Ilikuwa kazi ya dakika moja. Baba yake alikataa.

Alimwambia: "Ukiondoa yangu, Mama yako atakuwa anaongea na nani?"

Jovial, uliye kwenye mitambo, usikate popote. Weka yote.