Mlango Ukifunguliwa, Mama Afanye Nini?

Benchi lenyewe ni ubao uliolazwa juu ya matofali, ubavuni mwa nyumba ya kukodi ambamo filamu ilikuwa ikipigwa. Asubuhi hiyo walilikalia watu wanne, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa: mwongozaji, ambaye kwa kupenda kwake kusimamisha kazi walimbatiza Kata; mpigapicha, Jicho; mwigizaji mkongwe waliyemwita Mama Mkwe, kwa kuwa hadi filamu hii, alipopewa ya mama, hakuna aliyewahi kumpa nafasi nyingine; na Chozi, msichana aliyeigiza binti, aliyechukuliwa kwa sababu ukimwambia lia, analia.

Kilichowakwamisha kilikuwa kitu kidogo. Binti aliyesusa nyumbani miaka mingi anarudi, anabisha hodi, mama anafungua mlango. Basi. Walikuwa wameirudia sehemu hiyo tangu jana, na kila mara Kata alisema imekufa.

Kata alitaka mama amzabe binti kofi kwanza, ndipo amkumbatie. Mama Mkwe akasema kofi moja analiweza, ila marudio hayawezi, bega linamsumbua. Yeye aliona heri azimie tu. Jicho akapinga, kwani akizimia atatoka kwenye picha. Afadhali mvua inyeshe mle sebuleni.

— Mvua ya ndani inaingilia wapi? Kata akauliza.

— Ni hisia, alisema Jicho. Hisia haiulizwi imeingilia wapi.

Kata akawaza kidogo, akasema basi mama awe kipofu.

— Mwanangu, tangu jana ninamkodolea macho, alisema Mama Mkwe.

— Utapofuka katikati. Kwa huzuni.

Wakabishana hadi wakaafikiana kwamba mama alishafariki zamani, na aliyefungua mlango ni pacha wake, ambaye hamjui binti wala hataki kumjua. Wakanywa kahawa kama watu waliomaliza kazi.

Chozi na mama yake mzazi hawakuwa wamesemezana tangu mvua za mwaka jana, na hilo hakumwambia mtu pale. Kilichomtisha ni kwamba kila mlango ule ulipofunguliwa machozi yalimtoka kama kawaida, na moyoni hapakuwa na kitu.

Hapo akafika fundi cherehani, mgeni kabisa, aliyeitwa kupunguza gauni la Mama Mkwe. Akapima kiuno huku akisikiliza habari zao za pacha, kisha akauliza kwa adabu:

— Samahani, kwani huyu mama na bintiye waligombania nini?

Kata akamtazama Jicho. Jicho akatazama kikombe chake. Mama Mkwe akasema yeye aliambiwa anune, akanuna, sababu hakupewa. Wote wakamgeukia Chozi.

Chozi akafungua mdomo ajibu la filamu, likamjia la kwao. Alikumbuka alivyobamiza mlango. Alikumbuka alivyomwambia mama asimpigie simu mpaka awe tayari kuomba radhi, na mama, ambaye maishani mwake hakuwahi kumtii mtu, akamtii. Lakini radhi ya nini? Alitafuta kichwani, asikute kitu.

— Sijui, alisema.

Akainuka, akazunguka nyuma ya nyumba, akapiga simu. Iliita kidogo tu.

— Mama, ni mimi.

Ikajibu sauti ile ile, kavu, bila salamu:

— Nina chungu motoni. Subiri.

Chozi akasubiri. Akasikia kifuniko kikiwekwa chini, maji yakimiminwa, kandambili zikiburutwa kwenda na kurudi, na mama akijisemea peke yake kwamba moto umezidi. Angeweza kukata simu, akisema atapiga baadaye. Hakukata. Upande wa pili nao haukukata.

Kata akachungulia pembeni, akamwambia taa ziko tayari, wanaanza kumpiga picha pacha. Chozi akamwinulia mkono angoje. Kata, aliyezoea kusimamisha wenzake, akasimama.

Kandambili zikarudi hadi kwenye simu.

— Bado upo?

— Nipo, mama.

— Haya, alisema mama, na kiti kikasikika kikivutwa. Sema.