Utajwe kwa Jina Lake

Waombolezaji wapendwa, poleni na msiba, na nyie mlioko nyuma ya maturubai sogeeni, maana wasifu huu ninaousoma marehemu alitaka usikike mpaka barabarani.

Marehemu Alfonsi Kabyemera alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 Kamachumu, Bukoba, akiwa wa pili kati ya watoto watatu, akamaliza darasa la nane hukohuko kwao mwaka 1964, akajifunza useremala misheni, na mwaka 1971 akaja Dar es Salaam kuajiriwa kwenye kiwanda cha umma cha samani, hadi alipopunguzwa kazi mwaka 1992 na kufungua karakana yake hapa Keko, ambako alitengeneza vitanda vya maharusi, na wengi wenu mnavilalia mpaka leo.

Tarehe 7 Agosti 1976 alifunga ndoa na Yuliana, wakajaliwa watoto wawili, Fransis na Clara.

Mwaka 1989 kaka yake, Wilbert, alifariki kwa saratani ya utumbo mpana, na mwaka 1993 dada yao, Kokushubila, akafuata kwa ugonjwa uleule, wote wakiwa wamekonda, na kwa kuwa ni watu wa Bukoba, mtaa ukasema wamekanyaga waya, yaani ni ukimwi. Daktari wa Kokushubila alimwita Alfonsi, akamweleza kwamba ndani ya damu mna kitu kinachopanda mwili unapovimba kwa jeraha au maradhi, na wapo wanaozaliwa na urithi wa kukipandisha kuliko wenzao, na wataalamu bado hawajui kama urithi huo ndio unaoleta saratani katika ukoo, ila wangependa kuchukua damu yake, na papo hapo wamchunguze utumbo. Alfonsi alisikia maneno mawili tu, kupima damu, na jamani, nani katika mji huu hajui maneno hayo yanaeleweka vipi? Akasema akionekana kwenye foleni ya kupima damu hakuna bwana harusi atakayenunua kitanda chake tena, akakaa bila kupima miaka minne.

Novemba 1997 aliona damu chooni, akaenda mwenyewe, akatoa na ile damu ya utafiti, lakini uvimbe ulikwishafika kwenye ini. Na kweli wateja walikatika, hata jirani mmoja akakataa kukalia kiti chake, naye leo yupo hapa, amekikalia.

Alifariki Jumanne, tarehe 9 Juni 1998, nyumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwa Yuliana. Alikataza tusisome yale maneno tunayoyasomaga siku hizi, kwamba marehemu aliugua kwa muda mrefu, kwa sababu kila mtu akiyasikia hugeuka kumtazama mjane. Aliugua saratani ya utumbo mpana. Kama yupo ambaye hajasikia, narudia, saratani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliobaki, na mafundi wa Keko waliolichonga jeneza hili bila kuombwa. Fransis alikuwa amegoma kupima, akiogopa midomo ile iliyomwogopesha baba yake, ila asubuhi hii, akimvisha marehemu viatu, amekubali. Jumatatu, saa tatu, yeye na Clara watapita katikati ya karakana hizi kwenda kutoa damu, na mwenye la kusema aliseme sasa, mbele ya baba yao, kabla hatujalifunga jeneza.

Kimya chenu tumekisikia, Alfonsi naye amekisikia, basi apumzike kwa amani.