Cherehani ya Lois Iliyofungwa Vizuri

Sogeeni, wanangu, mkae ninapowaona wote wawili. Stella, Mama Huruma, kaa upande wa sikio langu zima. Na wewe Gervas usisimame mlangoni kama mgeni anayetaka kuaga, ingia, kwa maana mengi ya leo ni yako. Mimi Reginald Isaka, fundi cherehani wa Chiungutwa, nimeona miaka themanini na saba, na pumzi iliyonibakia si ya kupigia soga.

Shamba la mikorosho la Lisekese mmekwisha kuonyeshwa mipaka, na jirani yetu Yassini ndiye shahidi. Nazungumzia cherehani. Ninazo mbili. Ya kwanza niliinunua Masasi kwa Bwana Halfani Uwesu mwaka 1962, nikaileta kwa baiskeli, kichwa siku moja, miguu siku ya pili. Nyingine ni ya marehemu mama yenu, Lois. Kwa cherehani hiyo alishona kanzu za wanakwaya, sare za shule, na sanda ya kaka yenu Felix, ambaye hamkumjua.

Zitakaa miaka bila fundi, maana hakuna kati yenu aliyekubali kujifunza, nami sitaki zife kabla hajazaliwa wa kuzitaka. Basi shikeni. Ng'oeni sindano. Toeni bobini, fagieni vumbi la nyuzi kwa brashi, kwani vumbi hilo hunywa unyevu. Tieni mafuta ya cherehani kila tundu, tone moja, siyo ya kupikia, ambayo huganda kama utomvu. Vueni mkanda wa ngozi, usikauke ukiwa umevutwa. Funikeni kwa kitambaa cha amerikani, siyo nailoni, kwa maana nailoni hutoa jasho, na jasho huzaa kutu. Inueni juu ya matofali, mchwa wasipande. Na kamwe zisilale chumba kimoja na magunia ya salfa. Ile poda tunayopulizia mikorosho hula chuma kimyakimya.

Gervas anayajua haya. Nilimfundisha mwenyewe, kwa mikono yangu, siku nilipokwenda Newala kwa Stella kutibiwa miguu. Miezi minne nilikaa huko, na kila Jumapili alinipigia simu: "Shikamoo, baba. Zimelala salama, baba." Niliporudi nikakuta zimefungwa vizuri kuliko nilivyowahi kufunga mimi: amerikani safi, kamba imekazwa pembe zote, matofali chini, salfa mbali. Nikamwambia mchungaji, watu wakisikia, kwamba mwanangu ana mkono wa mama yake.

Masika yalipokwisha nikafungua ili nitie mafuta. Nikashika gurudumu la cherehani ya Lois, halikuzunguka. Kichwa kilikuwa kimetobolewa kwa keekee mahali pawili, na tumbo limechokonolewa kwa tindo.

Nikamwita Yassini. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mzee Reginald, kwani hukuambiwa? Ulipokuwa Newala walikuja mabwana wa zebaki, Gervas akawafungulia!" Wanaume wawili na pikipiki yao, wanaohubiri kwamba cherehani za kale zina zebaki nyekundu ya mamilioni. Waliweka simu karibu na sindano, mtandao ukakatika, wakapiga kelele, "Imo!" Hapa Chiungutwa, wanangu, mtandao hukatika hata ukiweka simu karibu na muhogo.

Ujinga ningeusamehe siku ile ile. Kilichoniumiza, Gervas, ni yale mafundo ya kamba. Kila nilichokufundisha cha kulindia ulikitumia kufichia. Ukafunga vizuri kitu ulichokiua, ukaniacha nijigambe mbele ya watu waliokuwa wanajua. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi fundi wa nguo sikutazama pindo langu.

Usilie, sijamaliza. Nipe maji, Stella... inatosha.

Yangu ichukue wewe, Stella, uipandishe Newala. Ya Lois ni yako, Gervas. Usiwauzie watu wa vyuma chakavu. Utaifuta, utaitia mafuta palipobaki, utaifunga. Na masika yakiisha utaifungua mbele ya watoto wako, uwaambie matundu yale aliruhusu nani. Baraka ya dada yako naitoa leo: Mungu akuangazie uso wake, Stella mama, wewe na Huruma. Yako, Gervas, itakufikia siku hiyo utakapowaambia. Nimekwisha kuiombea, inakungoja.

Sasa isogezeni ile yangu. Gervas, shika gurudumu. Zungusha... Siyo hivyo. Kuelekea kwako. Sikuzote kuelekea kwako, ukirudisha nyuma uzi unakatika... Ee. Hivyo. Acha niisikie.

Nami, mkinivika sanda... iwe amerikani. Msininunulie makubwa.

Nifunge wewe, Gervas. Unafunga... unafunga vizuri.