Karatasi Sita za Mwisho: Wasifu wa Fundi Eliakim Yesaya Simkonda (1961–2025)

Mchungaji wetu, wazee wa Igamba, wafiwa wenzangu, na ninyi wageni mliopanda kutoka Tunduma na vumbi lenu: marehemu aliagiza wasifu wake uandikwe na mimi mjomba wake, Gasper Mwazembe. Katika ukoo huu wapo wenye digrii za kutundika ukutani, lakini aliyechaguliwa ni mimi wa darasa la nne. Hilo lijulikane kwanza. Aliagiza pia kwamba kabla sijaandika neno nifungue kitabu chake kipya, nyuma kabisa, nisome herufi G. Hilo la pili sikulifanya. Niliogopa, na sababu yake mtaijua.

Eliakim alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1961 hapahapa Igamba, mtoto wa kwanza wa Yesaya Simkonda na dada yangu Enesi, wote wametangulia. Nilikuwa na miaka sita, na mimi ndiye niliyetumwa kumwita mkunga. Nilikimbia kweli. Tulipofika mtoto alikuwa ameshazaliwa na ameshanyonya, lakini kukimbia nilikimbia.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1969 hadi 1975. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshamfundisha A, kwa mkaa, kwenye mlango wa stoo ya baba yake. Nilichora mimi, akachapwa yeye. Alipofika darasa la sita mwalimu alikuta nyuma ya daftari lake la hesabu orodha ya makosa yake yote ya mwaka, yamepangwa kwa herufi, kila kosa na ukurasa wake. Mwalimu akamuuliza, "We Simkonda, badala ya kuyapanga, si ungeyaacha?" Akajibu, "Mwalimu, nikiyaacha nitayatafuta wapi?"

Mwaka 1978 alikwenda Mbeya kujifunza uchapaji. Enzi hizo herufi zilikuwa za risasi, unaziokota moja moja kwa vidole na kuzipanga kinyume ili karatasi izisome sawasawa. Eliakim alisoma kinyumenyume vizuri kuliko wengi wetu hapa tunavyosoma kwa mbele. Huko ndiko alikopendana na faharasa. Msishtuke akina mama, si msichana. Ni ile orodha ya mwisho wa kitabu inayokuambia jambo gani liko ukurasa wa ngapi.

Sasa mambo ya mbuzi. Wazee mnaikumbuka Krismasi ya 1987. Eliakim alikuja likizo na kitabu cha wakulima wa kahawa kilichokuwa kinakaribia kuchapwa, nakala moja ya kushonwa kwa mkono. Nyuma yake aliambatanisha faharasa aliyoiandika kwa kalamu miezi minane: karatasi sita nyembamba, laini kabisa. Alilala kwangu. Asubuhi faharasa haikuwepo. Nyumba ikapekuliwa, watoto wakahojiwa, mwisho akaonekana beberu wangu amesimama mlangoni anatafuna kitu. Nikasimama mbele ya ukoo nikasema, "Nimemwona kwa macho yangu." Beberu akaliwa siku ya mwaka mpya. Kichwa nilipewa mimi, kama shahidi.

Ndugu zangu, mbuzi yule alikuwa anatafuna ganda la ndizi. Faharasa niliivuta mimi. Tumbaku ilikuwepo, karatasi ya kusokotea haikuwepo, nikachana kuanzia nyuma kwa heshima, maana mwanzo wa kitabu kuna jina la mtu. Miaka thelathini na saba nimekaa na jambo hili. Athuman, nakuona huko nyuma, cheka taratibu, hapa ni msibani.

Kitabu kikatoka 1988 bila faharasa. Chama cha ushirika cha Itaka kilikuwa na karani, binti aitwaye Ikupa, mwenye kalamu kali. Akamwandikia barua: "Ndugu mchapaji, nimetafuta kutu ya majani kuanzia ukurasa wa kwanza. Kutu imefika kwenye mibuni yetu kabla mimi sijaifikia kwenye kitabu chako." Eliakim hakulala usingizi. Akaiandika faharasa upya kwa kukumbuka, akaichapa, akaja Itaka na ndoo ya gundi, akakaa ofisini kwa Ikupa wiki tatu akibandika nakala mia tatu. Nakala ya mwisho akampa yeye. Ndani yake alikuwa amemchapia ya peke yake, kwenye herufi I: "Ikupa: 1, 2, 3, 4," hadi sitini na nne, ila arobaini na moja hakuna.

Ikupa akauliza, "Mbona ukurasa wa arobaini na moja sipo?"

"Huo ni wa funza wa kahawa."

Walifunga ndoa tarehe 7 Oktoba 1989. Sasa nawauliza wenye digrii: bila msokoto wangu, barua ingeandikwa? Bila barua, ndoa ingekuwepo? Nadai mahari yangu kwa Mungu.

Mwaka 1996 alihamia Tunduma akafungua duka la uchapaji si mbali na mpaka. Mkate wake ulikuwa kadi za harusi na vitabu vya risiti, lakini ukiingia kwake kutoa kopi ya leseni ulitoka na historia nzima. Madereva wa malori wanajua. Aliwaambia kwamba kale vitabu vilikuwa vya kukunjwa kama mkeka, havina kurasa, basi hata ungetaka faharasa ungeielekeza wapi? Kwamba watawa wa Ulaya, miaka mia nane iliyopita, waliorodhesha maneno ya Biblia na mahali yalipo. Kwamba wasomaji wa zamani walichora kando ya mstari mkono mdogo wenye kidole kinachoonyesha. Mkono huo aliuchonga mwenyewe kwa mti wa mpera, akauchapa kwenye kila kitabu chake. Na foleni mpakani huku inasogea bila wao.

Juu ya sura ya faharasa hakuwa na masihara. Safu mbili, na katikati pawe na hewa. Neno kubwa lianzie ukutani, na madogo yake yaingie ndani hatua moja: "Mtoto hamtangulii baba mlangoni." Herufi zisipunguzwe kubana karatasi, maana faharasa ni mlango wa nyuma wa kitabu, na wanaopita mlango wa nyuma ni wazee wasio na miwani.

Na kila kitabu chake, baada ya faharasa, kilikuwa na karatasi sita nyeupe. Mzee Abdulrahim, msafirishaji, aliwahi kuja juu: "Fundi, hizi tupu za nini? Mimi nimeagiza maandishi."

"Hizo ni kinga, Mzee."

"Kinga ya nini?"

"Ya mbuzi."

Duka zima likacheka, mimi nikacheka kuliko wote. Kisha akanipa nakala yangu, maana hakutoa kitabu bila kunipa nakala. Na mimi, nisiseme uongo kaburini, karatasi zile nyeupe nilizivuta zote, mwaka hadi mwaka. Faharasa sikuigusa tena.

Mwaka 2016 aligundulika na kisukari. Mkamwana wetu Ikupa akabandika karatasi kwenye kopo, safu mbili na hewa katikati: "Sukari: tazama Daktari." Akatii. Miaka ya mwisho aliandika kitabu chake mwenyewe, historia ya faharasa na sura zake, na akawa na hofu moja tu: kufa kabla ya faharasa yake. Mwezi Julai figo zilipochoka alilazwa Mbeya, akawa anamsomea binti yake Ruti kutoka kitandani, Ruti anaandika. Nilipokwenda kumwona alifunika karatasi kwa shuka. "Mjomba, G utaisoma ukinizika." Alimaliza herufi Z siku ya Jumatatu, na kitabu kikachapwa dukani kwake, nakala yangu nikaletewa kama kawaida. Alifariki Alhamisi tarehe 21 Agosti 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na minne.

Hapo ndipo nilipoishia kuandika. Ruti, aliyekuwa amekaa pembeni yangu, akasema, "Babu, umeandika kila kitu ila ulichoagizwa kusoma." Akakifungua kitabu mwenyewe. Nanakili kama ilivyo:

"Gasper, mjomba
   kumfundisha mwandishi A, 4
   kuvuta faharasa, 11
   kumsingizia mbuzi, 12
   karatasi zake sita, tazama mwisho wa kitabu"

Na kwenye M: "Mbuzi wa Igamba, hana hatia, 12."

Nikafungua ukurasa wa kumi na moja. Ameandika kwamba asubuhi ile ya 1987 aliokota kipisi kizingitini, kimebaki neno moja tu la mwandiko wake: tazama. "Nikatazama. Mbuzi havuti. Lakini aliyenifundisha herufi ya kwanza ningemsimamishaje mbele ya ukoo? Nikaona heri nimwekee zake."

Ndugu zangu, wasifu huu nimeuandika juu ya nini? Sikuwa na karatasi. Nilikuwa nimeshachana zile sita nyeupe za nakala yangu ya kitabu hikihiki, kwa mazoea. Tano zimejaa. Imebaki moja, na kiberiti nimempa Ruti.

Marehemu ameacha mjane, Ikupa, kila ukurasa pamoja na wa arobaini na moja, watoto watatu, Ruti, Deus na Jairo, wajukuu saba, duka moja, na mjomba mmoja ambaye tangu leo ana jina baya na moyo mwepesi. Ukoo wa mbuzi nauomba radhi.

Eliakim mpwa wangu, ulale kwa amani. Mahali ulipo tumepaandika, tukikutafuta tutakuona.