Kona Nne Peke Yake

Kijiwe kile ni benchi moja mbele ya duka la cherehani na birika moja la kahawa, na hakuna jambo lililowahi kujadiliwa pale likatoka zima. Siku hiyo Fundi, mwenye duka, alishona mfuko wa suruali ya mteja kwa nje, akaufumua, akaushona kwa nje tena. Binti yake wa miaka kumi na miwili, aliyezaliwa na kromosomu moja ya ziada, alikuwa anarudi kutoka kliniki peke yake kwa mara ya kwanza. Kona nne. Miezi sita alikuwa akicheza kwenye simu gemu ya sungura anayekumbuka njia, kisha kila jioni mama yake akimtembeza njia yenyewe, maana mtaalamu aliwaambia gemu tupu haitoshi.

— Fundi, mtoto anacheza, wewe unaita matibabu? alisema Wakili, ambaye mahakama aliiona kwa nje tu.

— Siyo matibabu. Mazoezi ya kumbukumbu.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ndiyo maana gemu huchezwa kwa vidole!

— Nyie hamjui kitu, alidakia Redio, muuza betri. Mle mna mawimbi. Yanaikwangua ile kromosomu kidogo kidogo mpaka inaisha.

— Haikwanguliwi, alisema Fundi. Ni yake. Nampenda nayo.

— Sawa, alisema Redio, lakini sungura akishakuzoea anakuongoza hata usingizini.

— Basi aniongoze na mimi! alisema Wakili. Juzi nimevua viatu sebuleni kwa jirani nikidhani ni kwangu.

Fundi hakucheka. Dakika kumi zilikuwa zimezidi, na roho ilikuwa mkononi.

Mara binti akatokea kona ya nne. Akasimama. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Fundi akainuka mbio, Wakili akamdaka shati.

— Mwache! Anafikiri.

Binti akanyoosha kidole hewani, akakata kulia, akaja moja kwa moja. Benchi zima likalipuka. Redio alirukaruka mpaka akamwaga kahawa ya watu.

— Shikamoo, baba. Nimefika.

— Marahaba, mwanangu. Umefika!

Fundi alilia mbele za watu, wala hakuona haya. Binti akajibana kati ya Wakili na Redio, akawakagua mmoja mmoja.

— Baba, mimi niko ngazi ya tisa. Hawa wako ya ngapi?

Wakili akamtazama Redio. Redio akatazama viatu vyake. Fundi akacheka mpaka akashika ukuta.