Mutoto wa Nyuma ya Mafiga

Wamama, wapapa, amani ya Bwana ikae nasi kwenye hizi benchi. Musogee kidogo, sababu sauti yangu ni ndogo na mvua iko inapiga mabati. Najua wengine mumekuja kumuona ule mwanamuke anayefanya kazi ya kuchungulia vyungu vya watu. Njo mimi huyu. Muniangalie vizuri, kisha mutulie, maana haya sijayasema bado mbele ya mukutano.

Nilizaliwa Karuba, kwa walimaji wa maharagwe, nikaolewa kilima cha pili, vita ya Wazungu ikiwa inaisha. Bwana yangu alichukuliwa kazi ya madini kule Walikale, nami nikabaki na mama mukwe. Mutoto wetu wa kwanza tulimuita Bauma. Alikuwa wa kucheka ovyo. Hata mbuzi ikikohoa, yeye anacheka.

Bwana alikuja likizo, akarudi, akaniacha na mimba, na Bauma angali ananyonya. Kwetu mimba ikiingia, titi linafungwa siku ile ile, kwani tunasema maziwa yamegeuka sumu. Mama mukwe alinipaka pilipili kwenye matiti kwa mukono wake.

"Umemuvuka mutoto kwa mimba ingine," akasema. "Haukungoja hata atembee muzuri."

Tangu pale Bauma alikula viazi vitamu na bugali ya muhogo tu. Maharagwe tuliyolima yalikuwa ya wanaume na ya soko. Yai, mutoto akilizoea, tulisema atakuwa mwizi. Ndivyo tulivyolelewa, hakuna aliyekuwa na ubaya moyoni.

Akaanza kuvimba. Miguu kwanza, kisha uso, na watu wakasema amenona. Nywele zikageuka nyekundu, zikawa zinatoka mukononi. Akaacha kucheka. Ilikuwa ugonjwa wa bwaki, na munajua kwetu bwaki inasema nini juu ya mama: kwamba hakujizuia na bwana yake.

"Wakimuona, watatucheka mupaka kule Mushaki," mama mukwe akasema. "Umuweke nyuma ya mafiga."

Nikamuweka jikoni, nyuma ya mawe ya kupikia, kwenye moshi na giza. Munganga wa dispensaire, nyumba ya dawa, alipopita kilimani kuchanja watoto, alisimama uani akauliza kama kuna mwingine. Mama mukwe akamujibu, "Hapa iko wakubwa tu." Nilikuwa nimeshika ungo. Bibi arusi afungue kinywa mbele ya mama mukwe, kwa nguvu ya nani?

Bauma alikufa kabla ya mavuno. Hatukukaa kilio. Mutoto wa bwaki alikuwa haliliwi. Anazikwa mbio kwenye migomba, na wamama wanarudi shambani. Ndugu zangu, nawaambia, njaa niliijua, fimbo niliijua, lakini kukatazwa kulia njo kulinivunja. Nilikuwa nalia wakati wa kusaga, maana jiwe linafunika sauti. Unga wa nyumba ile ulikuwa laini sana miezi ile, na watu walinisifu.

Binti yangu akazaliwa. Mama mukwe alimuangalia, akasema, "Huyu naye ataenda." Bwana aliposikia, akaniita Walikale. Tukakaa kwenye camp ya wafanyakazi, upande wa Omate, pori pande zote, nguo hazikauki. Pale camp kulikuwa nyumba ya kufundishia wamama, waliyoiita foyer, na mwalimu wake, monitrice, alikuwa binti mweusi kama sisi, ametoka Bukavu, na viatu vyeupe vinavyozama kwenye matope. Tulimucheka mupaka mbavu ziliuma. Alikuwa anaitika salamu na kuendelea kutembea.

Binti yangu alipoachishwa titi, miguu ikaanza kuvimba. Nikamuficha nyuma ya pazia ya kitanda. Monitrice akaingia kunisalimia, akakaa, akazungumza habari za mvua, na mutoto akakohoa. Hakunigombeza. Kesho yake alikuja na ndagala, samaki wadogo wakavu, akaomba chungu changu na moto wangu. Akachemsha maharagwe, akayatoa maganda, akayaponda na samaki, akatia mafuta ya mawese, akamulisha mutoto kwa kidole.

"Mama, hii iko njaa," akaniambia. "Anakula, lakini hakuli vitu vya kukomalisha mwili. Haiko zambi ya mama."

Mungefikiri nilifurahi. Hasira ilinishika nikakaa chini. Kama ilikuwa njaa, basi Bauma alikufa na magunia ya maharagwe yamesimama nyumbani.

Monitrice alirudi kila asubuhi. Binti akapona, akaanza kuiba ndagala kwenye kikapu cha jirani, nami nikamuacha aibe kidogo.

Ndipo nikamwambia bwana nataka kusoma kazi ile. Akasema, "Enda. Watasema nimeshindwa na muke. Wacha waseme." Masista wa Bukavu wakanipokea kwenye shule yao. Tulisoma kushona, kupima watoto, Kifransa, na namna ya kuingia nyumbani kwa muntu. Mwalimu wetu, tuliyemuita Mamuzele, alitaka tujue kuuliza: watoto wazima wangapi, waliokufa wangapi? Tukawa tunafanya mazoezi sisi kwa sisi, mumoja ni monitrice, mumoja ni mama. Zamu yangu ya kuwa mama ilifika. Mwenzangu akauliza, "Waliokufa?" Nikajibu, "Hakuna." Kule mbali, pasipo mama mukwe, nilikuwa bado namuficha Bauma. Nikaogopa kwamba kazi hii nitaishindwa, hata wakinipa diplome.

Wakanituma Burungu kufanya stage, mazoezi ya kazi. Kwenye nyumba moja, mama kijana alisimama mulangoni, nikamuuliza kama nilivyofundishwa.

"Siko na mutoto ingine, dada. Njo hawa tu."

Nyuma yake, jikoni, nikasikia munung'uniko wa mutoto aliyeishiwa nguvu za kulia. Niliujua. Ningeweza kumuita kapita, mukubwa wa kijiji, afungue ule mulango, na watu wangeogopa. Sikumuita. Nikakaa kwenye kizingiti, nikasema, "Mimi nilikuwa na kijana. Jina lake Bauma. Alikufa na bwaki nyuma ya mafiga, na sikumulilia."

Kisha kilio kikaja. Nililia kwa sauti, mbele ya muntu nisiyemujua, mupaka kuku zikakimbia uani na majirani wakasimama kwenye migomba. Yule mama akaingia jikoni, akatoka amebeba mutoto amefunikwa na kitambaa.

Yule mutoto hakupona. Sitawadanganya ndani ya nyumba ya Mungu. Tulipika, tukamubeba mugongoni kwa zamu mupaka dispensaire, tukachelewa. Lakini mama yake alikaa kilio. Alitaja jina la mutoto na jina la ugonjwa, wazee wakisikia. Na kilio kikiendelea, mwanamuke akafika na mutoto wake mugongoni, kisha mwingine. Hao watoto wawili wako wazima. Mumoja anachunga mbuzi za baba yake na anatukana vizuri sana.

Mabinti wanaotaka kusoma kazi hii, karibuni. Lakini anayetafuta kazi ya kupendwa auze sukari. Mutafukuzwa milangoni, na mutazika watoto wa wengine.

Namushukuru monitrice wa Walikale, popote alipo. Nawashukuru Masista. Namushukuru bwana yangu, aliyechekwa akavumilia. Na namushukuru mama mukwe, niliyerudi kukaa naye, aliyekaa pale benchi ya mbele. Ni yeye aliyenituma nisimame leo. Jana, tukichambua maharagwe, aliniambia bila kuniangalia kwamba yeye alizika watatu namna ile, kabla ya bwana yangu kuzaliwa. Watatu. Na hakuna muntu aliyemuambia kwamba ilikuwa njaa.

Wamama, aibu hailishi mutoto. Tukitoka hapa tunaenda kwetu kukaa kilio cha wale wane, watatu wake na Bauma wangu, na kila mumoja atatajwa jina lake. Chungu kiko motoni. Mwenye mutoto jikoni amubebe, aje naye hata amemufunika. Mama mukwe amesema yeye mwenyewe atakaa mulangoni kuwapokea.